Neno Lililofungiwa Bizari

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili, na najua mtacheka. Mstaafu tunayemjua ni mtu wa mvi na mkongojo. Mimi mvi sina. Yaliyostaafu ni macho, nami nimeyafuata. Daktari wa Dar es Salaam alinisimamisha mbele ya ubao wa herufi, nikamsomea mistari miwili ya juu, akafunga daftari lake na kuniambia nitafute kazi isiyo na maandishi. Nikamwuliza ni kazi gani hiyo. Akasema, "Kulima." Huu ni mwezi wa tatu niko kwa mjomba, Kiwangwa, na mihogo yangu imesimama kwa mistari kama ukurasa wa daftari. Mjomba anasema mihogo haikui upesi kwa kupangwa kwa kamba.

Ninyi makarani wawili mliochukua dirisha langu mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Naandika kwa herufi kubwa, karatasi ikikaribia kunigusa pua, kwa hiyo msishangae mistari ikipanda na kushuka. Kuna siku ningeichana kwa sababu hiyo tu. Vyeo na mishahara sitavitaja, havina la kufundisha. Jina la ofisi pia sitalitaja. Ni posta moja ndogo ya pwani hii ya Bagamoyo, na kosa nitakalolieleza lilikuwa langu, si la ofisi.

Nilianza wakati wa vita, nikiwa na miaka kumi na minane. Dirishani nilimkuta Mzee Feruzi, aliyejifunza kazi tangu enzi ya Mjerumani na ambaye bado alihesabu kwa Kijerumani alipokuwa na hasira. Siku ya kwanza hakunipa barua hata moja. Alinipa muhuri wa tarehe, kidau cha wino wa zambarau na gazeti la zamani, akaniambia nigonge mara mia. "Muhuri haupigwi," alisema, "unawekwa, kama unavyoweka mtoto aliyelala." Niligonga mara mia tatu, kwa sababu kila duara niliona lina pengo upande mmoja. Jioni akalitazama gazeti lile, akanitazama na mimi.

"Kijana, barua itafika hata duara likiwa na pengo."

Maneno hayo niliyasikia. Kuyaamini kulinichukua miaka kumi na tatu.

Alinifundisha mambo madogo, na ndiyo yanayoshika ofisi. Stampu msiilambe, tumieni sifongo kwenye kisahani, na maji yabadilishwe kila asubuhi, maana gundi huleta sisimizi, na sisimizi wakishaingia kwenye kasha la stampu mtazihesabu kwa matundu. Mvuvi akija kutia kidole gumba, mpangusieni kwanza kwa chaki, mafuta ya samaki hayakubali wino. Na mshona makuti msimtie kidole gumba cha kulia kabisa. Kimelika, hakina mstari hata mmoja, mtapata doa tu. Mwombeni cha kushoto.

Hilo la mwisho nililijua kwa Bi Zuhura. Alikuwa mjane, mshona makuti, nyumba yake nyuma ya soko la samaki, na alikuwa na binti mmoja tu, Tatu. Kila alipouza mzigo wa makuti alikuja dirishani na kitabu chake cha akiba kimefungwa ndani ya kanga, akatoa kidole cha kushoto kabla hajaombwa. Pesa zile zilikuwa na kazi moja, nayo mji mzima uliijua. Tatu alikuwa akisoma shule ya wasichana, na mwalimu wake alikuwa amesema kwamba akimaliza ataweza kwenda chuo cha ualimu, huko bara, siku mbili kwa gari la moshi. Shemeji yake Bi Zuhura naye alikuwa amesema kwamba mtoto wa kike haendi bara, na kwamba kuna mwuza chumvi mmoja, mtu mzima, mwenye nyumba ya mawe, anayengoja jibu. Bi Zuhura alikuwa akijibu kwa makuti.

Mzee Feruzi alikuwa na hotuba yake kwa kila aliyefungua kitabu kipya. "Ukiziacha humu mwaka mzima, serikali inakupa nyongeza. Usipoitaka nyongeza, niambie." Nilimsikia akiisema mara mia. Sehemu ya pili nilidhani ni adabu tu, kama unavyomwambia mgeni, usipotaka kahawa, sema. Sikumwuliza hata siku moja mtu akisema hataki, wewe unafanyaje. Kuuliza kungeonyesha kwamba sijui, na mimi sikuwa radhi kuonekana sijui.

Hapa lazima niwaeleze elimu yangu. Darasani niliishia la nne. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi niliyoinunua dukani kwa mwuza bizari. Alikuwa akichana kurasa zake kufungia manjano na bizari nyembamba, akianzia nyuma. Nilipomkuta alikuwa ameshafika kwenye T. Nikainunua hivyo hivyo. Yaliyo baada ya T yalikuwa yameshaingia majikoni mwa watu. Kwa miaka mingi Kiingereza changu kilikuwa kizuri mpaka T, na baada ya hapo nilikisia.

Mwaka wa pili baada ya vita Mzee Feruzi aliugua mguu, akalazwa Dar es Salaam miezi minne. Bwana Posta, mkubwa wetu, alikaa chumba cha ndani na telegrafu yake, dirishani hakutoka. Dirisha likawa langu. Kijana mwenye akili angeshukuru Mungu na kuendelea kama alivyokuta. Mimi niliamua kusahihisha.

Kilichonikera zaidi ni neno *nyongeza*. Niliona ni neno la kubembeleza watoto. Kitabu cha kanuni, kile kinene chenye jalada jeusi, kilikuwa na neno lake maalumu la Kiingereza, nikalitafuta kwenye kamusi. Lilikuwa kabla ya T, kwa bahati mbaya. Nikapewa maneno matatu: hamu, faida, riba. Hamu halikufaa. Faida niliona ni la sokoni, hata mwuza dagaa analo. Riba lilikuwa fupi, la kitabuni, kamili. Nikachukua karatasi nene, nikapiga mistari kwa penseli, nikaandika kwa wino mweusi, na herufi za kwanza nikazitia mkia: RIBA HULIPWA KILA MWAKA KWA KILA MWENYE AKIBA. Nikafuta penseli kwa kombo la mkate. Nikaibandika juu ya dirisha, nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Mimi ni Mwislamu, mtoto wa chuo cha Kurani, nimezaliwa mji huu huu. Msiniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa nafikiria mwandiko.

Kufika Ijumaa adhuhuri foleni ilikuwa imefika barabarani, na hakuna aliyekuja kuweka. Makame, mwuza samaki, ambaye ndiye aliyenipa jina la Bwana Nukta, alisimama katikati ya foleni akipunga kitabu chake.

"Bwana Nukta! Nitoe zangu upesi kabla hazijazaa!"

"Zako hizo, Makame?" akajibu mtu nyuma yake. "Zako hata zikizaa, zitazaa sumni."

"Sumni ya haramu ni haramu! Mzee Feruzi katulisha, yeye kalala hospitali, sisi twende motoni?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Bi Zuhura alikuja Jumamosi na Tatu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Tatu kanisomea karatasi yako jana. Nikamwambia umekosea, rudi ukasome tena. Akarudi, akasoma vile vile."

"Hakukosea, Bibi."

"Basi nieleze wewe. Riba hii ndiyo ile tuliyokatazwa, au ni jina tu la kiofisi?"

Ningeweza kumwambia kwamba mimi ni karani, si shehe. Ningeweza kumwambia amngoje mzee. Lakini nilikuwa na jibu lililonyooka, na jibu lililonyooka lilinilevya siku zote. Nikasema, "Riba ni riba, Bibi. Neno ni moja."

"Mbona Mzee Feruzi aliniambia nyongeza?"

"Mzee Feruzi alikuwa akilipunguza makali."

Nililisema hilo juu ya mtu aliyenifundisha kushika muhuri.

Tatu wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitatu, mfupi, kidevu chake kilifika tu kwenye ubao wa dirisha. Akasema, "Lakini mama, Mzee Feruzi alisema usipoitaka unamwambia."

"Eti, mwanangu?" Bi Zuhura akanigeukia. "Ipo njia pesa zikae humu humu, salama, bila ya hicho kinachoongezeka? Mimi sitaki ziongezeke. Nataka zisiliwe tu."

Sasa niwaeleze nilichokuwa nakijua, maana hapo ndipo ilipo aibu yangu. Kanuni ile niliiona. Nilikuwa nimeisoma mara nne. Ilisema mwenye akiba anaweza, kwa kutia sahihi yake kwenye fomu, kufanya jambo fulani juu ya riba yake. Anaweza kufanya nini? Kuidai? Kuichukua? Kuipoteza? Neno lenyewe lilianza kwa W. Lilikuwa limeondoka na bizari ya mtu. Bwana Posta alikuwa chumba cha pili, hatua kumi tu, mlango wazi. Ningeingia nikamwuliza, naye angenitazama juu ya miwani na kusema, kumbe wewe hujui neno hili.

Nikasema, "Hakuna njia, Bibi."

Tatu akanitazama. Nikageuza uso, nikaanza kuandika fomu ya kutoa pesa, kwa mwandiko mzuri sana.

Bi Zuhura alipokea pesa zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akabaki amesimama. "Haya, wewe msomi," akasema. "Ungekuwa mimi, ungeziweka wapi? Mtoto amebakiza miaka mitatu. Nikikwama, shemeji anamwoza."

Niliona fahari kuulizwa. Nikamwomba siku moja nifikiri, na Jumapili nikamwendea nyumbani na karatasi yenye jedwali. Nilikuwa nimeziandika njia nne, kila moja na ubora wake na hatari yake. Alikuwa ameketi ukumbini, makuti mapajani. Hakuacha kushona.

"Ya kwanza, Bibi, bangili za dhahabu."

"Mkono wenye bangili huombwa na kila ndugu. Arusi, bangili. Msiba, bangili. Pitisha."

"Ng'ombe. Ulisema una kaka Vigwaza."

"Kaka yangu namjua. Kila mwaka mbung'o watamwuma ng'ombe mmoja tu, naye atakuwa wangu. Pitisha."

"Upatu na wenzako."

"Zamu ya upatu haingoji mtoto afaulu. Nikipewa mapema nitazila, nikipewa mwisho chuo kimefungwa. Hiyo ya nne?"

Ya nne ilikuwa rehani ya minazi, na ndiyo niliyoipigia mstari. Kule Kaole kulikuwa na Bwana Kombo, mwenye shamba, aliyehitaji pesa za kumalizia nyumba. Angechukua pesa za Bi Zuhura na kumwekea rehani minazi arobaini. Bi Zuhura angekula nazi zake, msimu baada ya msimu, mpaka Bwana Kombo arudishe pesa. Wenyewe mnajua pwani yetu, mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na hakuna anayeshangaa. "Minazi haikimbii," nilimwambia. "Haiugui mbung'o. Na nazi ni mavuno, Bibi, si riba."

Akakata uzi kwa meno. "Wewe unasema ni salama?"

"Ni salama."

Mkataba niliuandika mimi. Niliandika kila mnazi ulipo, nani mkwezi, nani atafyeka chini yake, nazi zikianguka zenyewe ni za nani. Kurasa tatu bila kufuta hata neno moja. Kitu kimoja sikuandika: siku ya pesa kurudi. Rehani za kwetu haziandikwi siku, nami niliiga desturi kwa ukamilifu.

Mzee Feruzi alirudi na gongo. Alisimama mbele ya dirisha kama mteja, akasoma karatasi yangu mpaka mwisho.

"Nani kaandika?"

"Mimi, mzee."

"Mwandiko mzuri." Akanyoosha gongo, akaing'oa karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akafungua droo ya chini kabisa, ile iliyokwama siku zote, akatoa bunda la fomu nyembamba. "Hizi unazijua?"

Nikaitika kwa kichwa kama nazijua.

"Basi kama unazijua, kwa nini nusu ya wacha Mungu wa mji huu wametoa pesa zao? Asiyetaka nyongeza anatia kidole hapa, pesa zinakaa bila kuzaa, yeye analala usingizi. Miaka yote hiyo nafanya hivyo." Akaketi taratibu, mguu mbele. "Bi Zuhura naye katoa?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye minazi arobaini akacheka mpaka akashika mguu wake, kisha akaacha kucheka ghafla.

"Umemtoa kwenye nyongeza ya serikali ukampeleka akale tunda la rehani? Kamwulize mwalimu yeyote wa chuo cha Kurani. Kumkopesha mtu pesa ukawa unakula nazi zake, hiyo ndiyo riba yenyewe, ile ya kitabuni. Hii yetu wanazuoni wangali wanabishana. Ile hawabishani." Akahesabu kitu kwa Kijerumani. "Nenda leo. Mwambie ulikosea. Pesa bado mbichi, Kombo hajazichanganya na chokaa."

Sikwenda siku ile. Nilitaka kwanza nipange maneno. Nilianza kuyaandika, nikayaandika mara saba, na kila mara niliona sentensi moja haijakaa sawa. Wiki ya tatu nyumba ya Bwana Kombo ilikuwa imeshaezekwa bati. Mzee Feruzi hakuniuliza tena, kwani alidhani nimekwenda. Mwaka uliofuata alistaafu akarudi kwao Mkange, na mimi sikumwambia kwamba sikwenda.

Miaka mitatu ikapita, nami kazini sikukosea hata nukta. Siku moja asubuhi Bi Zuhura alikuja dirishani akikimbia, mtu mzima yule, kanga mkononi. Alikuja kuchukua barua, nami niliijua kabla hajaifungua, kwa kuwa niliigonga muhuri mwenyewe. Tatu alikuwa amechaguliwa. Alitakiwa awe chuoni baada ya majuma manne, na ada, godoro, sare na nauli ya gari la moshi.

Alikwenda Kaole siku ile ile. Keshoye alirudi dirishani, akasubiri mpaka foleni iishe.

"Nimemwona Kombo," alisema. "Kanipokea vizuri, kanipa na maji ya dafu. Nikamwambia pesa zangu. Akaniambia, Bi Zuhura, minazi si hiyo? Nimekukataza? Endelea kula. Nikamwambia mtoto haendi chuoni na nazi. Akaniambia mkataba hauna siku. Je, ni kweli, mwanangu, hauna siku?"

"Hauna, Bibi."

"Basi pesa zangu zimekwea mnazi, na mimi sijui kukwea." Alijaribu kucheka. "Sisemi kanidhulumu. Hana tu. Zote ziko kwenye bati lile."

Aliuza nazi zote zilizokomaa, akauza na makuti ya akiba. Hazikutosha nusu. Shemeji yake alikataa hata kuzungumza.

Sasa hili sijapata kumwambia mtu. Mimi nilikuwa na pesa. Zilikuwa kwenye kitabu changu mwenyewe, dirisha lile lile, nilizokuwa nikiweka kwa ajili ya baiskeli, na zilikuwa zinatosha. Kila usiku kwa majuma yale niliazimia kwamba kesho nitampelekea. Lakini angeniuliza, kwa nini wewe? Na jibu la swali hilo lilikuwa ile fomu kwenye droo ya chini. Nikawa napanga tena maneno. Majuma manne yakaisha maneno hayajapangika. Chuo kikampa nafasi mtoto mwingine.

Baiskeli niliinunua. Ilikuwa nzuri, ya kijani. Sikuipitisha hata mara moja nyuma ya soko la samaki. Nilizungukia mbali, mpaka watu wakadhani ninakwepa harufu.

Tatu aliolewa, lakini si na mwuza chumvi. Bi Zuhura alisimama hapo kama ukuta. Alimwoza kwa fundi cherehani kijana, mtu mpole, naye Tatu akaanza kufundisha watoto wa kike kusoma barazani kwake, bila malipo. Nilipopita upande wa pili wa barabara niliwasikia wakiimba silabi. Alikuwa akiwafundisha vizuri. Hilo liliniumiza zaidi kuliko kama angekuwa akifundisha vibaya.

Daktari aliponiambia habari ya macho, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba sitaweza tena kuandika yale maneno niliyokuwa nikiyapanga. Nikaenda bila maneno. Bi Zuhura alikuwa ukumbini pale pale, makuti mapajani. Nikamweleza yote, vibaya, nikirudi nyuma na kurukia mbele: kanuni, neno la W, kamusi, bizari, chumba cha Bwana Posta hatua kumi, fomu, baiskeli.

Alishona makuti mawili mazima. Kisha akaniuliza, "Siku ile, ungesema tu *sijui*, ingekuwaje?"

"Ungemngoja Mzee Feruzi."

"Ningemngoja. Miezi minne si kitu." Akapitisha uzi. "Sijui. Neno dogo hivyo. Hilo nalo halikuwamo kwenye kamusi yako?"



"Haya," akasema. "Nimesikia." Hakusema zaidi ya hapo, nami sikuwa na haki ya kungoja zaidi. Nikaaga.

Siku yangu ya mwisho dirishani ninyi wawili mlikuwapo, mkipanga vifurushi chumba cha nyuma, kwa hiyo hamkuona. Saa nne hivi alikuja mwanamke na mtoto mgongoni. Sikumtambua kwa uso, nyuso zote zilikuwa zimeshakuwa ukungu. Nilimtambua kwa sauti.

"Habari za kazi, Karani. Nataka kumfungulia mwanangu kitabu. Wa kike huyu. Ndiyo kwanza anaota meno, lakini miaka inakimbia."

"Karibu, Tatu."

"Na sitaki nyongeza. Mama kaniambia ipo fomu."

Nikaivuta droo ya chini, ile iliyokwama, nikatoa fomu. Nikaikurubisha machoni. Niliona mistari myeusi inatembea kama sisimizi. Zamani ningejifanya ninasoma. Ningemwonyesha tu pa kutia sahihi, na duara la muhuri lingekuwa kamili.

"Sijui imeandikwaje hapa," nikamwambia. "Sioni. Nisomee."

Akaichukua. Mtoto alikuwa akimvuta ushungi, yeye akainamia karatasi akasoma Kiingereza chote kwanza, taratibu, kama anavyosomea wanafunzi wake barazani. Kisha akasema, "Ngoja nikueleze kwa Kiswahili chetu. Mimi, mwenye akiba, kwa hiari yangu, nyongeza yote ninayostahili kulipwa..."

Akasita kwenye neno. Nililijua ni lipi. Nilikuwa nimeishi nalo miaka kumi bila kulijua maana.

"Hili la W," nikamwambia, "maana yake nini?"

"Hili?" Akaweka kidole juu yake, nadhani, nilisikia karatasi ikigusa ubao. "Ni kuwa na haki juu ya kitu, ukakiacha. *Nasamehe*."

Alikuwa akisoma fomu. Nikampa kalamu, nikamwonyesha mahali pa sahihi, naye akasogeza mkono wangu kidogo upande wa kulia, kwa kuwa nilikuwa nimeonyesha pengine.